Tiba Inayokula Siku: Wagonjwa wa Sukari Chini ya Mlima Kenya

Desemba 2018, serikali ya Kenya ilipoteua kaunti nne za kufanyia majaribio mpango wa afya kwa wote, kila kaunti iliingia na donda lake. Kisumu ilikuwa na magonjwa ya kuambukiza, hasa virusi vya Ukimwi na kifua kikuu. Machakos ilikuwa na majeruhi wa barabara kuu. Isiolo ilikuwa na wafugaji wanaohamahama na akina mama wanaojifungua mbali na hospitali. Nyeri iliteuliwa kwa sababu ya magonjwa yasiyoambukiza, na kisukari kikiwa mstari wa mbele.

Madaktari wa zama za ukoloni wangeshangaa. Hugh Trowell, Mwingereza aliyeanza kazi Kenya mwaka 1929 kabla ya kuhamia Mulago nchini Uganda, alikuta ugonjwa wa sukari na presha ni nadra sana miongoni mwa Waafrika wa wakati huo. Kufikia 1960, alipochapisha kitabu chake kuhusu magonjwa yasiyoambukiza barani Afrika, alikuwa tayari anaona upepo unageuka. Leo watu wa Tetu, Othaya, Mukurwe-ini na Mathira, kaunti ya Nyeri, bado wanaishi kwenye miteremko ileile ya mababu, lakini safari ya sokoni ni ya bodaboda, mafuta ya kupikia hayakosekani jikoni, mkate mweupe umechukua nafasi ya kiazi kitamu cha asubuhi, na chai ya maziwa hutiwa sukari kabla ya mgeni kuulizwa kama anaitaka. Watu pia wanaishi miaka mingi zaidi kuliko babu zao, na umri wenyewe ni mlango mmojawapo wa kisukari.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza, ule unaojulikana kama STEPS, ulionyesha kwamba karibu Wakenya 9 kati ya 10 walikuwa hawajawahi kupimwa sukari maishani mwao. Wachanganuzi waliorudi kwenye takwimu hizo mwaka 2018 walikadiria kuwa asilimia 2.4 ya watu wazima walikuwa na kisukari, na asilimia 3.1 walikuwa njiani kukipata. Chini ya nusu ya wenye tatizo walijua hali yao. Waliokuwa kwenye matibabu walikuwa takriban mmoja kati ya watano, na waliofaulu kuishusha sukari hadi kiwango kinachotakiwa walikuwa kama asilimia 7 tu.

Asilimia hiyo ya mwisho ndiyo inayostahili kutazamwa kwa muda mrefu. Kugundua ugonjwa ni kazi moja, na kumpa mtu dawa ni kazi nyingine. Kumfanya aishi na dawa hizo miaka ishirini, thelathini, akiwa bado mkulima, mke, mwalimu au dereva, ni kazi ya tatu, na ndiyo ambayo hospitali nyingi hazijajipanga kuifanya.

Tumtazame mgonjwa wa kawaida wa eneo la Kieni, upande wa Naro Moru au Mweiga, ambako mvua ni chache na nyumba zimetawanyika. Siku ya kliniki ya sukari huanza gizani. Anatakiwa afike hajala, ili damu yake ipimwe kabla ya chakula, kwa hiyo anaondoka bila hata chai ya kupasha mwili joto. Mwezi wa Julai, ukungu ukiwa umetanda na baridi ya Nyeri ikiuma vidole, hilo si jambo dogo kwa mtu wa miaka sabini. Anapanda bodaboda hadi lami, kisha matatu hadi mjini. Anakuta foleni. Anachukua nambari, anapimwa uzito, presha na sukari, anasubiri kumwona daktari, anasubiri tena dirisha la dawa. Huenda akaambiwa dawa moja ipo na nyingine imekwisha, akanunue duka la dawa la nje. Anarudi nyumbani jua likielekea kuzama nyuma ya Nyandarua, akiwa na vidonge vya mwezi mmoja. Mwezi ujao ataanza upya.

Mhesabie mgonjwa huyo siku kumi na mbili kwa mwaka. Ongeza siku za kliniki ya macho, siku ya maabara, siku ya kurudi kuchukua majibu, siku aliyoambiwa mashine imeharibika arudi wiki ijayo. Kwa mchumaji wa majani chai anayelipwa kwa kilo, au mama anayeuza viazi katika soko la Karatina, kila siku hiyo ni mshahara uliopotea, juu ya nauli na juu ya bei ya dawa aliyoikosa dirishani. Mara nyingi anasindikizwa na binti au mjukuu, na huyo naye amepoteza siku.

Wataalamu wamejiuliza kwa miaka mingi kama tiba yenyewe ya kisukari inampunguzia mgonjwa raha ya maisha. Utafiti mkubwa kuliko yote wa wakati wake kuhusu kisukari cha aina ya pili ulifanyika Uingereza, ukijulikana kwa kifupi kama UKPDS. Uliandikisha wagonjwa 5,102 katika vituo 23 kati ya 1977 na 1991, na matokeo yake makuu yakatangazwa mwaka 1998. Baadaye uchambuzi wake ulionyesha kuwa kila asilimia moja iliyoshuka katika kipimo cha HbA1c, kile kinachoonyesha wastani wa sukari kwa takriban miezi mitatu, iliendana na upungufu wa asilimia 37 katika madhara ya mishipa midogo, yaani ya macho na figo, na upungufu wa asilimia 21 katika vifo vinavyotokana na kisukari.

Mwaka 1999 watafiti haohao walitoa ripoti nyingine ambayo haijulikani sana, nayo ilihusu ubora wa maisha. Waligundua kuwa matibabu makali, ya vidonge vingi au sindano, hayakuwaharibia wagonjwa maisha kwa jinsi walivyoyaeleza wenyewe. Kilichoyaharibu kilikuwa madhara ya ugonjwa: jicho lililofifia, mshtuko wa moyo, mguu uliokatwa. Waliopatwa mara kwa mara na sukari kushuka ghafla nao walikuwa na wasiwasi zaidi na hisia mbaya.

Ni habari njema, na kwa daktari ni hoja nzito ya kumwambia mgonjwa asiogope dawa. Lakini ilitoka katika nchi ambako mgonjwa wa kisukari hupewa dawa bila kulipa na kliniki iko karibu na basi huja kwa saa yake. Uingereza, tiba haikuondoa kitu katika maisha ya mgonjwa kwa sababu mtu mwingine alikuwa ameshabeba gharama zake. Kieni, Mwea au Kerugoya, tiba inakula siku, inakula nauli, inakula mbuzi aliyeuzwa ili stripi za kupimia sukari zinunuliwe. Hapo ndipo hesabu ya ubora wa maisha ya mgonjwa wa Mlima Kenya inapotofautiana na ile ya vitabuni, na hapo ndipo panapohitaji kurekebishwa.

Shirika la Afya Duniani lilitengeneza miaka ya 1990 dodoso la kupima ubora wa maisha, likishirikisha vituo katika nchi mbalimbali, Harare ikiwa miongoni mwavyo. Toleo lake fupi lina maswali 26, yaliyogawanywa katika mafungu manne: mwili, nafsi, mahusiano na mazingira. Humo mtu huulizwa analala vipi, anatembea vipi, ana pesa za kumtosha, anaridhika na marafiki zake na hata na maisha yake ya ndoa. Huulizwa pia anahitaji matibabu kiasi gani ili aweze kupitisha siku.

Katika foleni ya kawaida ya kliniki, muuguzi ana dakika chache kwa kila mtu. "Shosho, umekunywa dawa?" "Nimekunywa." "Sukari ni kumi na nne, punguza chai." Basi, aitwe anayefuata. Hakuna anayeuliza kama shosho anaamka mara nne usiku kwenda chooni kwenye baridi, kama nyayo zimekufa ganzi hivi kwamba hajui anapokanyaga msumari, kama anaogopa kwenda shambani peke yake tangu siku alipotetemeka na kuanguka katikati ya mistari ya kahawa. Hakuna anayemuuliza guka kuhusu nguvu za kiume, ingawa kisukari huzishambulia mapema na wanaume wengi huacha dawa wakidhani ndizo zilizowaharibu. Huzuni nayo hukaa kimya. Tafiti za nchi nyingi zinakubaliana kuwa sonona huwapata wenye kisukari kwa wingi zaidi kuliko wasio nacho, na mtu mwenye sonona hana nguvu ya kupima chakula wala kukumbuka vidonge.

Meza ya chakula ina uchungu wake. Mgonjwa anaporudi nyumbani na karatasi ya "usile hiki, usile kile", familia nzima huhisi imehukumiwa. Mukimo wa harusini unakuwa kosa. Wali wa pishori wa Mwea, uliopikwa kwa heshima ya mgeni, unakuwa dhambi. Baadhi ya akina mama hupika sufuria mbili, moja ya watu na moja ya mgonjwa, na mgonjwa anakula peke yake pembeni. Ushauri wa aina hii ni mkali kuliko sayansi yenyewe. Githeri, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, ni mlo mzuri kwa mwenye sukari kwa sababu maharagwe hupunguza kasi ya wanga kuingia kwenye damu. Nduma na kiazi kitamu vinafaa kwa kipimo. Sukuma wiki, terere na managu vinaweza kujaza nusu ya sahani bila hofu. Kinachohitajika ni kupunguza kiasi cha wanga, kuacha sukari ya chai na soda, na kula kwa saa zinazojulikana. Hicho ni chakula ambacho nyumba nzima inaweza kula kutoka sufuria moja, na pengine kikamlinda mtoto asifuate njia ya mzazi.

Dawa zenyewe si nyingi. Nguzo ya matibabu ya kisukari cha aina ya pili ni metfomini, kidonge cha bei nafuu ambacho asili yake ni mmea. Wauzaji wa mitishamba katika masoko ya Nyeri na Embu huwaambia wateja kuwa dawa za hospitali ni kemikali tupu. Ukweli ni kwamba metfomini ilizaliwa kutokana na uchunguzi wa Galega officinalis, mmea uliotumika kama dawa Ulaya tangu zamani, na daktari Mfaransa Jean Sterne ndiye aliyechapisha matokeo ya kuitumia kwa wagonjwa wa kisukari mwaka 1957. Tofauti kati yake na chupa ya kijani ya sokoni ni kwamba kiasi kilichomo kwenye kidonge kinajulikana na kazi yake imepimwa. Katika UKPDS, wagonjwa wanene waliopewa metfomini walipungukiwa na vifo vinavyohusiana na kisukari kwa asilimia 42. Huwasumbua baadhi ya watu kwa kuharisha na gesi tumboni, hasa wiki za mwanzo, na wengi huiacha kwa sababu hiyo bila kumwambia mtu. Kuimeza pamoja na chakula na kupandisha kipimo polepole huwasaidia wengi, lakini mgonjwa lazima awe ameambiwa.

Glibenklamidi ni hadithi tofauti. Hushusha sukari kwa nguvu, na mtu akiimeza kisha akakosa chakula cha mchana, sukari inaweza kushuka hadi akazimia. Kwa mkulima anayeweza kushinda shambani hadi saa tisa bila kula, hatari hiyo ni ya kila siku. Dalili zake ni jasho la ghafla, mtetemo, njaa kali, moyo kwenda mbio, maneno kuchanganyika. Huduma yake ya kwanza imo katika kila jiko: vijiko vitatu vya sukari katika maji, kisha kupima tena baada ya dakika kumi na tano. Majirani wasiojua humdhania mtu kalewa, na katika miji ambayo pombe imeharibu wanaume wengi, dhana hiyo huja haraka na huweza kuua.

Kisha ipo sindano. Katika miji mingi ya Mlima Kenya, kuambiwa uanze insulini huchukuliwa kama kutangaziwa mwisho. Watu husema fulani "amefika sindano" kwa sauti ileile wanayotumia kusema amelazwa chumba cha wagonjwa mahututi. Wanaochelewa kwa hofu hiyo hupoteza miaka ambayo macho na figo zao zingelindwa. Insulini ilitumika kwa binadamu kwa mara ya kwanza Toronto, Kanada, tarehe 11 Januari 1922, mgonjwa akiwa mvulana wa miaka 14 aliyekuwa akififia kitandani. Tangu hapo imekuwa dawa ya kuishi. Katika kisukari cha aina ya pili, kongosho huendelea kuchoka kadiri miaka inavyopita, na kuongezewa insulini hakumaanishi kwamba mgonjwa ameshindwa wala kwamba alidanganya kuhusu chai.

Bei ndiyo iliyofanya hofu iwe na msingi. Kuanzia mwaka 2012, mpango wa kampuni ya Novo Nordisk pamoja na hospitali za makanisa na wasambazaji wa dawa ulijaribu kuhakikisha chupa ya insulini haimgharimu mgonjwa zaidi ya shilingi 500 katika vituo vilivyoshiriki. Chupa ina yuniti 1,000. Mtu anayejidunga yuniti 40 kwa siku humaliza chupa kwa siku 25, na bado hajanunua sindano, wala stripi za mashine ya kupimia. Stripi ndizo zinazowashinda wengi. Mashine huweza kupatikana hata kwa msaada, lakini kila tone la damu linahitaji stripi yake, na mgonjwa anayejidunga bila kupima anaendesha gari usiku bila taa.

Suala la friji limewatesa watu bila sababu ya kutosha. Wagonjwa wasio na umeme wameambiwa kwa miaka mingi kuwa hawawezi kuweka insulini nyumbani, wakalazimika kwenda kituoni kila siku kudungwa. Mwaka 2021, Médecins Sans Frontières na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha utafiti uliotumia joto halisi lililorekodiwa katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, ambako joto hupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Insulini waliyoipima ilihifadhi nguvu yake kwa wiki nne. Ikiwa dawa hiyo inastahimili Dadaab, basi chupa iliyofunguliwa inaweza kukaa salama kwa mwezi mmoja kwenye kona yenye kivuli ya nyumba ya mbao iliyo karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Akiba isiyofunguliwa ndiyo inayohitaji ubaridi wa friji, na zahanati ya jirani yenye friji ya chanjo ingeweza kuwa mhimili wa kuitunza.

Macho ni mahali ambapo eneo hili limetoa somo kwa dunia nzima. Utafiti wa Nakuru, ng'ambo ya Nyandarua, ulionyesha kuwa miongoni mwa watu wa miaka 50 na kuendelea wenye kisukari, zaidi ya thuluthi moja walikuwa na dalili za uharibifu wa retina. Uharibifu huo hauumi. Mtu huona vizuri hadi siku damu inapovuja ndani ya jicho, na kufikia hapo tiba ya miale ya leza inachelewa. Kinachotakiwa ni kupimwa kila mwaka kwa matone yanayopanua mboni, hata kama macho yanaona.

Katika kaunti ya Kirinyaga, Nyawira Mwangi wa Chuo cha Mafunzo ya Udaktari cha Kenya, KMTC, akishirikiana na watafiti wa London, aliuliza swali rahisi: je, wagonjwa wakikumbushwa na wagonjwa wenzao, watakwenda kupimwa macho? Vikundi 16 vya kusaidiana vya wenye kisukari viligawanywa kwa kura. Katika baadhi, wanachama waliofunzwa waliwahimiza na kuwakumbusha wenzao kwenda kupimwa. Vingine viliendelea na huduma ya kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Waliohimizwa na wenzao walikwenda kupimwa kwa wingi zaidi, tena kwa tofauti iliyo wazi. Hakuna mashine mpya iliyonunuliwa. Kilichoongezwa kilikuwa sauti ya mtu anayeijua foleni, anayejua baridi ya alfajiri, anayeweza kusema "twende pamoja, hata mimi nilipimwa".

Vikundi hivyo hufanya mengi zaidi ya kukumbusha. Watu wa Mlima Kenya wamezoea chama: kuchanga, kukopeshana, kuzikana. Kikundi cha wenye sukari kinaingia katika mazoea hayo bila kulazimishwa. Humo mama anajifunza kuwa si yeye peke yake anayelia jikoni. Mwanamume anathubutu kusema jambo ambalo hakulisema kwa daktari msichana. Kama kaunti inatafuta mahali pa kuweka shilingi yake ya kwanza kwa ajili ya ubora wa maisha ya wagonjwa, ni hapo.

Miguu na figo ndizo zinazoonyesha gharama ya kuchelewa. Kidonda kidogo cha gumboot kwenye unyayo usiohisi kinaweza kugeuka kukatwa mguu ndani ya wiki chache, na shamba la mteremko halilimwi kwa mguu mmoja. Figo zikishindwa, mgonjwa hufungwa kwenye mashine kwa takriban saa nne, mara mbili kwa wiki au zaidi, maisha yake yote yaliyobaki asipopata figo nyingine. Mpango wa serikali wa mwaka 2015 ulipeleka mashine za kusafisha damu katika hospitali za kaunti, na hilo liliwaondolea watu wa Nyeri, Embu na Meru safari za Nairobi. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliweka malipo ya shilingi 10,650 kwa kila kipindi cha kusafishwa. Vipindi viwili kwa wiki ni zaidi ya shilingi milioni moja kwa mwaka kwa mgonjwa mmoja. Fedha hizo zingewanunulia wagonjwa wengi metfomini, dawa za presha na stripi kwa miaka, na baadhi yao wasingefika kwenye mashine.

Mwaka wa majaribio ya afya kwa wote ulidokeza nini kinawezekana. Ada zilipoondolewa katika hospitali za ngazi ya nne na ya tano, watu walijitokeza kwa wingi, wakiwemo waliokuwa wameacha kliniki kwa sababu ya pesa. Kwa miezi hiyo, mgonjwa wa Nyeri alifanana kidogo na yule wa Uingereza wa UKPDS: tiba ilikuwa kazi ya mtu mwingine kulipa. Majaribio yakaisha. Oktoba 2024 SHA ikachukua nafasi ya NHIF, bima ya afya ya taifa iliyokuwepo tangu 1966. Mwenye ajira hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiye na mshahara hupimwa uwezo na hulipa si chini ya shilingi 300 kwa mwezi, lakini hutakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa pamoja, yaani shilingi 3,600 au zaidi. Mkulima wa chai anaweza kuzitoa bonasi ikiingia mwishoni mwa mwaka. Mwenye kibanda cha mboga Chaka au Kagio hana mwezi wa bonasi.

Mfano wa kutengeneza mambo upo palepale hospitalini, jengo la jirani. Mwongozo wa kitaifa wa ARV wa mwaka 2016 uliruhusu wagonjwa wa virusi vya Ukimwi ambao hali yao ni thabiti kupewa dawa za miezi mitatu kwa mkupuo, na wengine kuzichukulia kwenye vikundi vya jamii bila kupanga foleni. Wagonjwa walirudishiwa siku zao, na wauguzi wakapata nafasi ya kuwahudumia walio mahututi. Mwenye kisukari ambaye sukari yake imetulia, anayemeza metfomini na dawa ya presha, hana sababu ya kitabibu ya kupoteza siku kumi na mbili kwa mwaka. Kinachomzuia ni ghala lisilojaa na madeni ya kaunti kwa wasambazaji, na hayo ni mambo ya bajeti yanayoweza kuamuliwa kwenye bunge la kaunti ya Nyeri au ya Kirinyaga.

Mguu wa pili wa kumrudishia mgonjwa siku zake tayari uko vijijini. Septemba 2023 serikali ilizindua zaidi ya wahudumu wa afya ya jamii 100,000 nchini kote, kila mmoja akipewa mkoba wenye mashine ya kupima presha na ya kupima sukari. Mhudumu anayeishi kijiji kimoja na mgonjwa wa Mukurwe-ini anaweza kumpima nyumbani, akamtazama miguu, akapiga simu zahanati kama namba zimepanda. Stripi zikikosekana, mashine hiyo inabaki kuwa uzito wa mkoba.

Wapo pia wasio na nafasi ya kutulia, nao ni watoto na vijana wa kisukari cha aina ya kwanza, ambao miili yao haitengenezi insulini hata kidogo. Bila sindano hawaishi. Tangu 2012 mpango unaoitwa Changing Diabetes in Children umewapa watoto wa Kenya insulini, mashine na stripi bila malipo kupitia kliniki maalumu, na baadaye umri wa kunufaika ukaongezwa hadi miaka 25. Waliokuwa na miaka kumi mwaka ule wa kwanza wanakaribia ukomo huo sasa. Wamemaliza shule za bweni, ambako walijidunga mabwenini na kuwaeleza wenzao kila muhula kwamba hawatumii dawa za kulevya. Wengine wako vyuoni, wengine wanaanza biashara, wengine wameoa. Sindano wanazohitaji kesho ni zilezile za jana, na kutoka siku ya kuzaliwa ya ishirini na tano chupa, sindano na stripi zinahamia mfukoni mwao, katika umri ambao kazi ya kudumu Nyeri na Nanyuki ni adimu na bima inadai mwaka mzima kwa mkupuo.